Dubai na Bei ya Taka: Kutoka Boriti za Rufiji hadi Tanuri la Warsan

Tarehe 1 Juni mwaka 2024 maduka ya Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, yalikatazwa kuwapa wateja mifuko ya kutumiwa mara moja, iwe ya plastiki au ya karatasi. Siku kama hiyo, miaka mitano kamili iliyotangulia, Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ilifanya hivyo mwezi Agosti mwaka 2017, Rwanda mwaka 2008, na Zanzibar mwaka 2006. Si mara nyingi Afrika Mashariki huitangulia Dubai katika jambo linalohusu biashara, na msikilizaji aliyezoea kusikia sifa za majengo yake marefu na bandari zake kubwa huenda akauliza ni kwa nini mji wenye fedha kiasi hicho ulichelewa katika jambo dogo kama mfuko wa dukani.

Jibu halimo katika ukosefu wa elimu wala wa fedha. Kwa muda wa karibu nusu karne Dubai ilikuwa na jangwa pana mlangoni pake, na kutupa kitu jangwani kulikuwa karibu bure. Mfanyabiashara asiyetozwa chochote kwa kutupa hana sababu ya kujiuliza anatupa nini. Kwa hiyo historia ya taka za Dubai ni historia ya bei: jinsi gharama ya kutupa ilivyokuwa kubwa zamani, jinsi ilivyotoweka, na jinsi inavyorejeshwa sasa, polepole na kwa ubishi. Na kwa kuwa mji huo umefungamana na pwani ya Waswahili tangu enzi za majahazi, sehemu ya hesabu hiyo hulipwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Boriti hazikutupwa

Hadi miaka ya 1950 wakazi wengi wa Dubai waliishi katika nyumba za makuti ya mtende zilizojulikana kama barasti. Waliomudu nyumba za mawe ya matumbawe ni matajiri, hasa wafanyabiashara wa lulu na wa nguo waliojenga kando ya hori la Dubai. Dari na paa za nyumba hizo za mawe zilibebwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na bidhaa nyinginezo, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Baharia na mwandishi Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, akashuhudia mabaharia wakipakia boriti katika matope ya Rufiji. Watu wa Ghuba waliziita chandal. Urefu wake ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale za Dubai ni vyembamba na virefu, havizidi sana mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta.

Mti uliokatwa Rufiji, ukasubiri pepo na kuvuka bahari, hautupwi. Nyumba ilipobomoka boriti zilichomolewa, zile nzima zikawekwa katika nyumba nyingine, na zilizovunjika zikatafutiwa kazi ndogo zaidi kabla ya kuishia jikoni kuwa kuni. Mtende nao ulitumika wote: makuti yalikuwa kuta, majani yakasukwa mikeka na vikapu, na kokwa za tende zikalowekwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Hata makombe ya chaza, baada ya kutolewa lulu, yalikuwa na wanunuzi, maana viwanda vya Ulaya viliyahitaji kwa kutengenezea vifungo.

Wako wanaoitaja enzi hiyo kuwa ya watu walioyapenda mazingira kuliko watu wa leo. Huko ni kuipamba kupita kiasi. Soko la lulu lilipoanguka katika miaka ya 1930, kutokana na mdororo wa uchumi wa dunia na lulu za kufugwa za Japani, familia nyingi za Dubai zilikabiliwa na njaa. Watu walitunza kila kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa ghali na wao walikuwa maskini.

Jangwa la bure

Mafuta yaligunduliwa katika bahari ya Dubai mwaka 1966 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1969. Mtawala wa wakati huo, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, alikuwa amekwisha kulichimba na kulipanua hori ili vyombo vikubwa zaidi viingie. Bandari ya Rashid ilifunguliwa mwaka 1972. Mwaka 1979 ikafuata bandari ya Jebel Ali, na mwaka huo huo kiwanda cha kuyeyusha alumini cha Dubal kikaanza uzalishaji. Sensa ya mwaka 1968 ilihesabu wakazi wapatao 59,000. Ile ya mwaka 2005 ilihesabu zaidi ya milioni 1.3, na leo idadi imevuka milioni 3.5.

Saruji ikachukua nafasi ya boriti. Kenya ilipozuia mwaka 1982 boriti za mikoko zisipelekwe nje ya nchi, mafundi wa Dubai hawakuwa wakizingoja tena. Katika miaka ya 1980 sehemu ya mtaa wa kale wa Bastakiya, uliojengwa na wafanyabiashara waliotoka pwani ya Iran, ilibomolewa ili kupisha ofisi za serikali. Sehemu iliyonusurika huitwa leo Al Fahidi, na watalii hulipa fedha nzuri kuketi chini ya zile boriti.

Kazi ya kuzoa taka ilikuwa mikononi mwa manispaa, ambayo baraza lake la kwanza liliundwa mwaka 1957. Manispaa iliifanya kazi hiyo vizuri, na pengine vizuri mno. Barabara zilifagiliwa kabla ya alfajiri, mapipa yakawa matupu kila asubuhi, na kilichozolewa kikapelekwa katika majaa kama lile la Al Qusais. Mwenye duka hakuona jaa wala hakulinusa. Kampuni ilimlipa msafirishaji, lakini kwenye lango la jaa haikutozwa ada ya kutajika. Katika hali hiyo kutenganisha karatasi na mabaki ya chakula kulikuwa kujiongezea kazi isiyolipa.

Si kwamba wote walinyamaza. Mwaka 1991 lilianzishwa mjini Dubai Kundi la Mazingira la Emirates, ambalo Bi Habiba Al Marashi ni miongoni mwa waasisi wake na kiongozi wake wa miaka mingi. Kundi hilo lilizishirikisha shule na makampuni kukusanya karatasi, makopo ya alumini na vitu vingine vinavyoweza kutengenezwa upya. Mwaka 1999 serikali ya shirikisho ilitunga sheria namba 24 ya kulinda mazingira. Lakini kampeni ya hiari na sheria ya jumla zote mbili zilimkuta mfanyabiashara yule yule, mwenye jangwa lile lile la bure nyuma ya nyumba.

Mwaka 2002 Dubai iliruhusu wageni kumiliki nyumba katika maeneo maalumu, na ujenzi ukaenda mbio kuliko ulivyopata kuonekana katika Ghuba. Katika miaka hiyo sehemu kubwa kabisa ya taka ngumu za mji haikuwa ya majumbani bali kifusi cha ujenzi: zege, vyuma, mbao na mchanga. Baadaye viwanda vya kusaga kifusi vilijengwa, na kokoto zake zikatumika chini ya barabara. Hata hivyo, kilichouamsha mji hakikuwa kifusi.

Foleni ya Al Aweer

Mitaa mingi mipya ya Dubai ilijengwa haraka kuliko mabomba ya majitaka yalivyoweza kuifikia. Majengo hayo, zikiwamo kambi za wafanyakazi, yalitegemea mashimo yaliyonyonywa na magari yenye matanki. Kila gari likishajaa lilipaswa kwenda hadi kituo cha kusafishia majitaka cha Al Aweer, nje ya mji, upande wa jangwani. Kufikia mwaka 2008 kituo hicho kilikuwa kimezidiwa. Magari yalipanga foleni kwa saa nyingi, mchana na usiku, katika joto ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kulikisia kwa urahisi.

Madereva, wengi wao wahamiaji kutoka Asia ya Kusini, walilipwa kwa safari na si kwa saa. Dereva aliyekaa foleni usiku kucha alirudi na malipo ya safari moja. Baadhi yao wakagundua njia ya mkato. Katika eneo la viwanda la Al Quoz kulikuwa na mifereji ya maji ya mvua, na Dubai hunyesha mara chache mno kwa mwaka. Usiku walifunua mifuniko, wakateremsha mipira, wakamwaga. Mifereji ya maji ya mvua haipiti katika kituo chochote cha kusafishia, huenda moja kwa moja baharini. Uchafu ukatokea katika ufuo wa Jumeirah, karibu na chama cha mashua za matanga, katika pwani ile ile ambayo hoteli za kifahari zilikuwa zikiitangaza ulimwenguni. Maji yalinuka, waogeleaji wakaonywa, na habari zikaenea katika magazeti na redio za nchi nyingi.

Manispaa ilipandisha faini, ikaweka doria za usiku na kuonya kuwa magari yatakayokamatwa yatataifishwa. Kituo kipya cha kusafishia majitaka cha Jebel Ali, kilichokuwa kikijengwa, kilianza kazi mwishoni mwa mwongo huo na kupunguza mzigo wa Al Aweer.

Kwa muda mrefu kisa hicho kilisimuliwa kama hadithi ya madereva wakorofi, na kweli walivunja sheria. Lakini mwenye jengo alikuwa amelipia majitaka yaondolewe chini ya jengo lake. Hakulipia yafikishwe mahali panapostahili, wala hakudai ushahidi kwamba yamefika. Kampuni ya magari ililipwa kwa kuondoa, nayo ikamlipa dereva kwa kuondoa. Kati ya watu watatu hao hakuna hata mmoja aliyepewa fedha kwa ajili ya zile saa za foleni. Kila biashara inayokabidhi taka zake kwa mkandarasi na kuridhika na ankara, bila kuuliza risiti ya mizani ya mahali zilikoshushwa, imo katika hesabu ile ile, awe mwenye hoteli wa Dubai au mwenye kiwanda wa Dar es Salaam.

Makampuni yalipoanza kuhesabu

Mabadiliko yaliyodumu yalianzia pale ambapo taka ya mmoja ilipata mnunuzi jirani. Mfano ulio bora ni wa alumini. Mitungi ya kuyeyushia madini hayo hujengewa ndani tabaka za kaboni na matofali yasiyoungua. Baada ya miaka kadhaa tabaka hizo huchakaa na kuwa taka ya hatari, kwa kuwa zimefyonza floridi na sianidi. Duniani kote viwanda vya alumini vimerundika mabaki hayo bila kujua vifanyeje. Dubal, ambayo iliungana na kiwanda cha Abu Dhabi na kuwa Emirates Global Aluminium, ilipata ufumbuzi kwa kushirikiana na viwanda vya saruji vya nchini humo. Ndani ya tanuri la saruji joto kali huiharibu sianidi, kaboni huwaka badala ya makaa ya mawe, na kinachosalia huingia katika saruji yenyewe.

Mfano mwingine ni wa jikoni. Mwaka 2011 kampuni ya Neutral Fuels ya Dubai ilianza kugeuza mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika kuwa dizeli, na migahawa ya McDonald's nchini humo ikayatumia katika magari yake ya kusambazia bidhaa. Gari lililopeleka viazi likarudi na mafuta machafu, na mafuta hayo yakaliendesha gari. Hapa hapakuhitajika kumhubiria mtu.

Ugumu uko kwa taka zisizo na mnunuzi: mchanganyiko wa mabaki ya chakula, vifungashio na uchafu wa vyumba vya hoteli. Mwaka 2017 ilianzishwa Benki ya Chakula ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ili chakula kizuri kinachobaki katika mahoteli na maduka makubwa kiwafikie wahitaji kabla ya kuharibika. Mwaka 2018 ulileta mambo mawili yenye uzito zaidi. Serikali ya shirikisho ilipitisha sheria namba 12 ya usimamizi wa taka, na Manispaa ya Dubai ikaanza kuyatoza makampuni ada ya kutupa kwa kila tani. Ada ya mwanzo ilikuwa ndogo, lakini kwa mara ya kwanza mhasibu wa kampuni alikuwa na mstari wa kuandika uzito wa taka. Mwezi Julai mwaka 2022 mfuko wa dukani nao ukapewa bei, fils 25, yaani robo ya dirham, kabla ya kupigwa marufuku miaka miwili baadaye.

Matokeo hayakufuata ahadi. Nchi ilikuwa imejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2021 robo tatu ya taka zake zisifike jaani. Mwaka huo ulipita lengo likiwa bado mbali. Dubai ikachagua moto. Katika eneo la Warsan limejengwa tanuri kubwa la kuchoma taka na kuzalisha umeme, kwa gharama ya takriban dirham bilioni 4. Lilianza kazi kwa awamu mwaka 2023, na uwezo wake ni kuchoma tani zipatazo milioni 1.9 kwa mwaka na kutoa umeme wa takriban megawati 200.

Tanuri hilo limeokoa ardhi. Lakini mtambo uliojengwa kwa mabilioni hauwezi kukaa bila chakula, nao hula kwa miongo kadhaa. Karatasi na plastiki, ambazo ndizo zinazofaa zaidi kutengenezwa upya, ndizo pia zinazowaka vizuri zaidi. Mji wenye tanuri la namna hiyo una sababu ya kupunguza majaa, lakini hauna sababu kubwa ya kupunguza taka zenyewe, na huo ni mvutano ambao watawala wa Dubai hawajautatua.

Kinachopanda meli

Wapenzi wasikilizaji, iko njia nyingine ya kuondoa kilichochakaa, nayo huanzia kwenye gati. Tangu Zanzibar ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, wafanyabiashara wake walimiminika Dubai na kurudi na redio, majokofu, vitambaa na vipuri. Wenzao wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala walifuata. Mwaka 2000 Dubai ilifungua huko Ras Al Khor eneo huru la magari, Ducamz, ambako magari yaliyotumika, mengi yakitoka Japani, huuzwa kwa wanunuzi wa Afrika na Asia. Bila biashara hiyo familia nyingi za pwani zisingepata gari wala jokofu. Ni urithi halali wa ile desturi ya kutotupa boriti.

Tofauti ni kwamba boriti ilipokufa iliishia jikoni, ilhali betri ya gari ina risasi na asidi. Huko Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014 ukutani kwa nyumba za watu. Betri hizo zilitoka katika magari ya Kenya yenyewe, na magari mengi ya Kenya huingia yakiwa yamekwisha kutumika. Kwenye karatasi ilikuwa biashara ya kuokoa taka. Watoto walikutwa na sumu ya risasi katika damu, na Bi Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Uganda ilijaribu njia ya kufunga mlango, ikapiga marufuku mwaka 2010 uingizaji wa majokofu na vifaa vingine vya umeme vilivyotumika. Rwanda ilichagua njia nyingine: ilijenga katika wilaya ya Bugesera kituo cha kuvunjia na kuchambua vifaa vibovu vya umeme, kisha ikakikabidhi kiendeshwe na Enviroserve, kampuni ya Dubai ambayo mwaka 2019 ilifungua mjini kwake kiwanda kikubwa cha kazi hiyo hiyo. Hivyo ujuzi wa kumaliza maisha ya kifaa umeanza kusafiri kwa njia ile ile ambayo kifaa chenyewe kilipitia.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, umekazwa pia. Kuanzia tarehe 1 Januari mwaka 2025 taka zote za vifaa vya umeme, ziwe za hatari au zisiwe, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila idhini ya awali ya nchi inayozipokea. Lakini kifaa kinachofanya kazi si taka, nacho hupita kama bidhaa. Ndani ya kontena moja la majokofu 100, ni lipi bidhaa na ni lipi taka hujulikana pale tu mtu anapolichomeka kwenye umeme, na kwa kawaida mtu huyo huwa tayari yuko Darajani au Kariakoo, akiwa amekwisha kulipia yote 100.